Kufunza Wanafunzi wa Uzamili Kubuni Roboti Zinazowajibika kwa Jamii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa waombaji, wazazi wao, wahadhiri wenzetu na wakazi wa Kisumu na viunga vyake ambao wanafunzi wetu huwatembelea kwa utafiti. Mengi huulizwa kila mwaka kwa maneno yaleyale. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake; pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Roboti inayowajibika kwa jamii ni roboti ya namna gani?

Roboti ni mtambo unaohisi mazingira yake, ukaamua hatua ya kuchukua kwa kufuata programu iliyomo ndani yake, kisha ukatenda: ukasogea, ukashika, ukanyunyiza au ukasema. Mtambo huo hauna dhamira, kwa hiyo wenyewe hauwezi kuwajibika. Wanaowajibika ni walioubuni, walioununua na waliouweka mahali ulipo. Tunaposema roboti inawajibika kwa jamii tunafupisha maneno tu. Maana yetu ni kwamba wabunifu wake waliweza kujibu maswali manne kabla ya kukaza skrubu ya kwanza: nani aliiomba, nani ataishi karibu nayo, nani atapoteza kitu kwa sababu yake, na nani anaweza kuizima ikienda mrama.

Swali la tatu ndilo hurukwa zaidi. Pendekezo la utafiti huorodhesha watakaonufaika, na mara nyingi orodha hiyo ni ya kweli, lakini haimtaji anayepokonywa tonge. Ndiyo maana tunadai jina la kazi yake liandikwe katika ukurasa wa kwanza wa pendekezo.

Je, kuhakikisha mtambo ni salama hakutoshi?

Usalama ndio msingi, na hakuna mwanafunzi anayevuka mwaka wa kwanza bila kuujua. Mwaka 1979 mfanyakazi wa kiwanda cha magari huko Michigan, Marekani, aliuawa na mkono wa roboti alipopanda kwenye rafu kuchukua vipuri, na tangu wakati huo uhandisi umejenga utaratibu mzima wa kukadiria hatari. Wanafunzi husoma viwango vya kimataifa kama ISO 12100 kuhusu tathmini ya hatari za mitambo, na ISO 13482 ya mwaka 2014 inayohusu roboti za kumhudumia mtu binafsi.

Hata hivyo, usalama huuliza kama mkono wa roboti utamvunja mtu kidole. Hauulizi kinachotokea pale mkono huo unapofanya kazi bila dosari na watu thelathini wakarudi nyumbani bila mshahara, au pale kigari cha wodini kinaporekodi sauti za wagonjwa bila wao kujua. Kiwango cha Uingereza cha BS 8611, kilichotolewa mwaka 2016, kilipiga hatua ya maana kwa kuzihesabu hatari za kimaadili pamoja na zile za mwili, nasi tunakitumia kama mlango wa kuingilia mjadala huo.

Kwa nini tusiagize tu roboti zilizokwisha kubuniwa ng'ambo?

Kwa sababu kila roboti hubeba ndani yake picha ya mahali ilikobuniwa. Machi 2018, mjini Tempe katika jimbo la Arizona, gari la majaribio linalojiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ulionyesha kwamba programu ya gari hilo haikuwa imebuniwa kumzingatia mtembea kwa miguu anayevuka mahali pasipo na kivuko.

Sasa simama Kondele, hapa Kisumu, saa kumi na mbili jioni. Utawaona watu wakivuka kila mahali, boda boda zikipita pande zote mbili za matatu iliyosimama, mkokoteni wa maji ukisukumwa kinyume cha magari, na mama mwenye beseni la samaki kichwani akipenya katikati ya vyote hivyo. Mtambo uliofunzwa kwamba mtu huvuka kwenye mistari myeupe tu unakuwa hatari mahali hapa tangu siku ya kwanza. Kuagiza si kosa. Kuagiza bila mtu wa hapa anayeweza kuufungua mtambo na kuuliza umefunzwa nini ndilo kosa.

Lazima niwe nimesomea uhandisi?

La. Tumepokea wauguzi, walimu na wahitimu wa sosholojia. Wote hupita darasa la msingi la hisabati na upangaji programu, ambalo ni gumu, na wahandisi nao hupita darasa la msingi la utafiti wa nyanjani, ambalo kwa wengi wao huwa gumu zaidi.

Kwa nini mafunzo haya yawe ya uzamili, si ya shahada ya kwanza?

Maadili yafaa kufundishwa mapema, nasi tunalihimiza hilo. Lakini mwanafunzi wa uzamili ndiye anayechagua tatizo mwenyewe, na kosa kubwa zaidi katika fani hii hufanyika pale tatizo linapochaguliwa.

## Masomo yenyewe

Mwanafunzi hufundishwa nini hasa?

Upande wa ufundi una hisabati ya mwendo, nadharia ya udhibiti, mashine kuona kwa kamera, na akili unde. Upande wa pili una mbinu za mahojiano na ushuhudiaji, sheria ya data, uchumi wa ajira na historia fupi ya mashine zilizowahi kuleta madhara. Pande hizi hazifundishwi kwa zamu. Tumejifunza kwa uzoefu kwamba somo la maadili likiwekwa peke yake Ijumaa alasiri, mwanafunzi huandika insha nzuri, kisha Jumatatu hurudi maabara na kubuni kama alivyokuwa akibuni. Kwa hiyo anayefunza udhibiti hulazimika pia kuuliza ni nani anayeshika kitufe cha kusimamisha, na kama kitufe hicho kinafikiwa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa nini siruhusiwi kugusa vifaa katika wiki sita za kwanza?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, nami nitalijibu kwa mfano.

Mwanafunzi mmoja alikuja na mpango wa mkono wa roboti utakaochambua omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, ufukweni, ukitenga samaki wadogo, waliovunjika na takataka. Mpango ulikuwa mzuri na hesabu zake zilikuwa sahihi. Tukampeleka ufukweni Dunga akiwa na daftari tu. Siku za kwanza akina mama walimchukua kama mgeni wa kupita. Katika wiki ya pili alikuwa akisaidia kutandaza omena juu ya nyavu zilizolazwa chini, akivuta pembe moja huku mwenziwe akivuta nyingine, na ndipo walipoanza kumwambia mambo. Uchambuzi haukuwa unawasumbua. Waliufanya wakiwa wamekaa, wakizungumza, na wasichana waliowasaidia walilipwa kwa beseni. Kilichowasumbua kilikuwa mvua. Wingu likitoka ziwani ghafla, shehena ya siku nzima hulowa kabla mikono haijatosha kukunja nyavu, na omena iliyolowa huoza au huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Alirudi na daftari lililojaa, akaacha mkono wake wa roboti, akaanza kufikiria fremu ya kuinua na kufunika nyavu ikipata ishara kutoka kwenye kihisi cha unyevunyevu. Mama mmoja alipouona mchoro aliuliza swali moja: "Sasa huyo msichana anayenikunjia nyavu mvua ikija, utamlipa wewe?" Swali hilo lilibadilisha mchoro tena. Fremu ya mwisho huendeshwa na watu wawili kwa mota ndogo, haijiendeshi peke yake, na ndivyo walivyotaka.

Kama angeanza na vifaa, angekuwa ametumia fedha za mwaka mzima kuondoa kazi ambayo watu walihitaji, na kuacha tatizo ambalo walitaka liondoke. Wiki sita si nyingi.

Je, kanuni tatu maarufu za roboti hazitoshi?

Kanuni hizo, zinazosema kwamba roboti isimdhuru binadamu, imtii, na ijilinde, ziliandikwa mwaka 1942 kwa ajili ya hadithi ya kubuni. Zinampa roboti wajibu ambao, kama ilivyoelezwa katika swali la kwanza, ni wa watu. Isitoshe, neno "madhara" haliwezi kupimwa na kihisi.

Vifaa ni ghali. Tutaweza?

Tunaweza, kwa mipaka. Programu kubwa za roboti ni za chanzo huria, yaani yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha bila malipo, ukiwemo mfumo wa ROS wa kuandikia programu za roboti, na bodi ndogo za kielektroniki kama Arduino na Raspberry Pi zinapatikana nchini. Fremu, magurudumu na vishikio huchomelewa na mafundi wa jua kali, ambao mara nyingi humrekebisha mwanafunzi kuhusu unene wa chuma kabla hajaharibu fedha. Ghali zaidi ni betri nzuri na vihisi vya umbali. Kila mtambo lazima pia upite jaribio la kukatika kwa umeme: tunazima swichi kuu bila kumwarifu mwanafunzi, na mtambo unatakiwa kusimama bila kuangusha ulichokibeba.

Tasnifu hupimwaje?

Mtahini wa ufundi na mtahini wa nyanjani wana kura sawa, na yeyote kati yao anaweza kuirudisha kazi. Kabla ya utetezi, mwanafunzi huwarudia watu aliowafanyia utafiti na kuwaeleza matokeo kwa lugha yao. Kumbukumbu ya kikao hicho, pamoja na pingamizi zilizotolewa, huambatishwa kwenye tasnifu. Pingamizi hazimfelishi mtu. Kuzificha ndiko humfelisha.

## Kazi ya nyanjani

Nahitaji vibali gani kabla ya kuipeleka roboti kwa watu?

Kwanza ni idhini ya kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa. Kisha leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Baada ya hapo kuna ruhusa ya mahali penyewe: hospitali, shule au kikundi cha usimamizi wa ufuo. Roboti inayoruka huhitaji pia kufuata kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga nchini.

Kama mtambo unakusanya sauti, picha au taarifa za afya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu moja kwa moja. Pale ambapo hatari kwa haki za watu ni kubwa, kifungu cha 31 kinadai tathmini ya athari ifanyike kabla ya kuanza, na data ikivuja kwa namna inayohatarisha wahusika, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Wanafunzi wengi husahau kwamba kutuma sauti ya mgonjwa kwenye seva iliyo nje ya nchi ili igeuzwe maandishi ni kuhamisha data kuvuka mpaka, na sheria ina masharti yake kuhusu hilo.

Ridhaa hupatikanaje kwa mtu asiyesoma, au asiyewahi kuona roboti?

Fomu ya kurasa nne ikisomwa haraka na kidole cha gumba kikapigwa wino, hiyo ni karatasi tu. Tunataka mtu auone mtambo ukiwa umezimwa, aushike, auone ukiwashwa, autazame ukikosea, ndipo aulizwe. Huu ni utaratibu unaochukua zaidi ya siku moja.

Bibi mmoja wa Nyalenda, ambaye mwanafunzi wetu alikuwa akimwonyesha roboti ndogo ya kumkumbusha dawa, aliitazama kamera kwa muda mrefu kisha akauliza, "Haya macho hulala saa ngapi?" Mwanafunzi alianza kumweleza kuhusu mpangilio wa kuzima kamera ndani ya programu. Bibi akamsikiliza hadi mwisho, akachukua leso yake, akaifunika roboti kichwa. Wiki iliyofuata roboti hiyo ilikuwa na kifuniko cha plastiki kinachotelezeshwa kwa kidole mbele ya kamera, na tangu hapo kila roboti yetu yenye kamera inayoingia nyumbani kwa mtu huwa na kifuniko cha namna hiyo. Aliyenacho anajua macho yamefungwa kwa sababu ameyafunga yeye mwenyewe.

Roboti iseme lugha gani?

Iseme lugha ya aliye mbele yake, na ikishindwa ikae kimya na kutumia taa au ishara. Kiswahili sasa kina rasilimali za kutosha kwa mazungumzo mafupi. Kwa Dholuo na Kiluhya kazi imeanza: mkusanyiko wa Kencorpus uliochapishwa mwaka 2022 una matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Hata hivyo, mazungumzo ya Kisumu huchanganya lugha tatu katika sentensi moja, na mfumo unaofanya vizuri maabarani hujikwaa sokoni Kibuye. Mwanafunzi anapaswa kuupima kwa sauti za watu watakaoutumia, wakiwemo wazee wasio na meno, na kuandika matokeo ya kila kundi kando badala ya wastani mmoja.

Roboti zitachukua kazi za watu. Mnawafunza wanafunzi kushiriki jambo hilo?

Swali hili ni la haki, na hatulijibu kwa ahadi kwamba teknolojia daima huzaa kazi mpya. Mei 2023, maandamano dhidi ya mashine za kuchuma chai huko Kericho yaligeuka kuwa ghasia na mashine kadhaa zikateketezwa. Mashine zile ziliendeshwa na watu, hivyo hazikuwa roboti kwa maana kamili, na hazikuchomwa kwa sababu zilikuwa na hitilafu. Zilikuwa zikifanya kazi ya watu wengi mahali ambapo watu hao hawakuwa na kazi nyingine ya kwenda.

Wanafunzi wetu husoma tukio hilo kwa kina, wakijiuliza ni uamuzi gani ungeweza kufanywa mapema na nani. Kwa kila mradi wanatakiwa kuhesabu ni saa ngapi za kazi ya nani zitakazopungua, kumwuliza mwenye kazi hiyo kama anataka ipungue, na kueleza fedha iliyookolewa inaelekea mfukoni mwa nani. Kazi nyingine watu wanataka ziondoke: kunyunyizia dawa yenye sumu ndani ya banda la maua, kuingia kwenye shimo la majitaka, kuinua mgonjwa mzito peke yako usiku. Huko ndiko tunakowaelekeza kwanza.

## Masuala magumu

Je, inaruhusiwa kuwafanya washiriki waamini roboti inajiendesha ilhali ninaiendesha mimi?

Mbinu ya mtu aliyejificha nyuma ya pazia ni ya kawaida katika utafiti wa roboti, kwa kuwa humwezesha mbunifu kujaribu wazo kabla ya kuliandikia programu. Inaruhusiwa kwa masharti: kamati ya maadili iidhinishe, mshiriki aambiwe ukweli siku hiyohiyo, na awe na haki ya kufuta alichosema. Haturuhusu mbinu hii kwa watoto wala kwa wagonjwa wanaoizungumzia afya yao, kwa sababu mtu huiambia mashine siri ambazo asingemwambia kijana aliyejificha chumba cha pili na kompyuta.

Kamera ya roboti yangu hukosea zaidi kwa watu weusi. Je, niongeze tu taa?

Taa husaidia, lakini chanzo mara nyingi kipo kwenye data iliyofunza mfumo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa picha ya uso: kosa kwa wanaume weupe halikuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Jiulize kwanza kama roboti yako inahitaji kutambua uso. Kigari cha kubeba shuka wodini kinahitaji kujua kwamba kuna mtu mbele yake. Hakina haja ya kujua ni nani.

Roboti ikimdhuru mtu wakati wa majaribio, nani hubeba lawama?

Ndani ya mafunzo haya, msimamizi na taasisi hubeba lawama kabla ya mwanafunzi, na hilo huandikwa kwenye makubaliano kabla ya jaribio. Mwanafunzi hubeba jukumu la kusimamisha kazi mara moja, kutoa taarifa, na kutofuta rekodi za mtambo. Hatukubali jibu kwamba "mfumo uliamua wenyewe". Tazama swali la kwanza.

Utafiti ukiisha, roboti inakwenda wapi?

Mpango wa kuondoka huandikwa mwanzoni. Mzee aliyezoea kukumbushwa dawa na roboti kwa miezi minane hawezi kunyang'anywa siku moja kwa sababu tasnifu imekubaliwa. Ama mtambo unabaki ukiwa na fundi wa karibu anayejua kuutengeneza, ama unaondolewa polepole, huku mwanafamilia au mhudumu wa afya ya jamii akichukua kazi ile. Betri zilizochakaa hurudi kwetu, hazitupwi.

Itakuwaje nikigundua kwamba roboti yangu haifai kutengenezwa?

Unaweza kuacha na bado ukahitimu, mradi uamuzi umejengwa juu ya ushahidi na umeandikwa kwa ukamilifu uleule wa ubunifu wowote. Mwanafunzi mmoja alikuwa akibuni kigari cha kupima unyevu na joto ndani ya mabanda ya maua katika Kaunti ya Nakuru. Katikati ya mradi, shamba lililokuwa limemkaribisha liliomba kamera ielekezwe kwa wafanyakazi ili muda wao wa kwenda msalani uhesabiwe. Alikataa, akapoteza eneo la majaribio, na tasnifu yake ikageuka kuwa uchunguzi wa jinsi mtambo wa kupima hewa unavyoweza kugeuzwa kuwa wa kupima watu, na vizuizi vya kiufundi vinavyoweza kuzuia mgeuko huo. Alitetea kazi hiyo kwa saa tatu na akapita. Kigari chenyewe kipo kwenye rafu ya maabara, bila kamera, na wanafunzi wapya hukifungua kila mwaka wanapojifunza kuunganisha nyaya za vihisi.